Muline ya Naomie na Fimbo ya Twaibu

Muline ilikataa fimbo. Twaibu alirusha mara ya kwanza, uzi ukagonga pete na chubwi ikaanguka karibu na miguu ya wanawake waliokuwa wakifua nguo. Akarusha tena, ikawa vilevile. Nyuma yake alisimama Naomie, mikono ameifunga kifuani, na ndege yake ya Goma ilikuwa kesho asubuhi.

"Umeona?" Naomie akasema. "Hii fimbo si yangu. Iko na mwenyewe."

Twaibu akaanza kukunja uzi upya.

Muline ni ile mashine ndogo ya mvuvi, yenye mkono wa kuzungusha na bobini mbele, kile kigurudumu cha kukunjia uzi. Uzi ukiruka kutoka kwenye bobini hutoka ukizunguka, kwa upana wa bobini yenyewe, na pete ya kwanza ya fimbo ndiyo inayoutuliza. Pete ikiwa ndogo mno, au ikikaa karibu mno, uzi unaipiga na kufia hapo. Kwa hiyo mtu anayetengeneza fimbo hufunga pete zote za juu, lakini ile ya kwanza huiacha mpaka mwenye muline aje nayo. Wanarusha pamoja, wanaisogeza mbele, wanairudisha nyuma, ndipo inafungwa. Siku hiyo wavuvi wa ukingo ule hupiga kelele: "Imeoa!" Tangu hapo fimbo ni ya muline ile, na hakuna anayeweka nyingine.

Pete ya kwanza ya fimbo hii ilikuwa imefungwa zamani sana. Vernisi, ile vanishi iliyopakwa juu yake, ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Na siku ilipofungwa, Naomie hakuwepo.

Walijuana mwaka 2002, sokoni karibu na mto, wakati Kindu imezingirwa. Askari walikuwa mjini, waliowazingira walikuwa msituni, na chumvi ilikuja kwa ndege. Naomie alikuwa akiiuza kwa kijiko mbele ya duka la baba yake, mfanyabiashara wa Butembo. Alikuwa amevaa kitenge cha ndege wa bluu, kitambaa cha njano kichwani, na masikioni herini kubwa za shaba za marehemu mama yake. Zilicheza kila alipotikisa kichwa kukataa kupunguza bei. Juu ya meza, kati ya betri na sabuni, palikuwa na muline.

"Dada, hii unauza namna gani?" Twaibu akauliza.

"Haiuzwi. Papa anaiweka juu ya karatasi zisipeperuke. Muzungu mumoja wa gari-moshi alimuachia."

"Unajua ni kitu gani?"

"Wewe unajua?"

"Muline. Inavua samaki."

"Mbona haijavua hata mumoja tangu ifike hapa?"

"Juu haina bwana. Muline bila fimbo ni mwanamuke bila bwana."

"Na fimbo bila muline?"

"Hiyo njo mimi," Twaibu akasema.

Naomie alicheka mpaka kijiko kikamwaga chumvi. Kisha akatazama ndani ya duka kuona kama baba yake amesikia.

Twaibu hakuwa akitania tu. Baba yake alikuwa mvuvi wa pirogi, yaani mtumbwi, na askari walikuwa wamekataza pirogi mtoni. Aliyeonekana katikati ya maji alipigwa risasi bila kuulizwa jina. Samaki walikuwepo, kambale wa kuwalisha watu mtaa mzima, lakini walikuwa mbali, kwenye maji ya kina. Aliyetaka kuwapata alipaswa kusimama nchi kavu na kurusha mbali. Kwa mkono mtupu haikuwezekana.

Alianza kutengeneza fimbo. Alichagua mwanzi mkavu, akaunyoosha juu ya moto. Pete alizipinda kutoka waya za gurudumu la baiskeli, mshiko akauvisha mpira wa ndala zilizochakaa. Naomie alikuwa akija jioni kabla ya saa ya kujifungia, muline ameifunga ndani ya kitenge kama mtoto. Twaibu aliifungia kwenye mshiko, akailaza fimbo juu ya vidole viwili.

"Unafanya nini?"

"Naipima. Lazima ilale hapa bila kuinama. Ikiinamia mbele, mkono utachoka. Ikiinamia nyuma, muline ni nzito mno, haifai."

"Na imelala?"

"Tazama."

Fimbo ilikuwa imelala kwenye vidole vyake kama paka. Risasi zikasikika upande wa uwanja wa ndege. Wote wawili waliinama, lakini fimbo haikuanguka.

"Ijumaa, nikitoka msikitini, tutafunga pete," Twaibu akasema.

"Na baada ya pete?"

"Nitakuja kwa papa yako."

"Papa ni mukristo mugumu, Twaibu."

"Mimi ni mwislamu laini. Tutakutana katikati."

Usiku wa kuamkia Ijumaa duka lilivunjwa na kuporwa. Alfajiri baba yake Naomie alipata nafasi kwenye ndege ya mizigo, akawapakia watoto wake juu ya magunia bila kumwuliza yeyote. Naomie alishika kilichobaki mezani: muline. Twaibu alifika mchana, shati limepigwa pasi, fimbo begani. Alikuta mlango uko wazi, chumvi imemwagika chini, na kijiko.

Simu hazikuwepo. Njia hazikuwepo. Alisubiri. Baada ya miezi kadhaa mchimba dhahabu mmoja akaja kutoka Punia, akasema ndege ya mizigo iliyoruka Kindu juma lile ilianguka msituni na hakupona mtu. Ilikuwa ndege nyingine, lakini nani angemwambia?

Twaibu hakuwa na maiti ya kuzika. Alikuwa na fimbo isiyokwisha. Akatafuta kitu chenye upana wa bobini ya Naomie, akapata kopo dogo la nyanya. Akalifunga kwenye mshiko mahali pa muline, akakunjia uzi juu yake, akarusha, akasogeza pete, akarusha tena mpaka uzi ukapita bila kugusa. Akaifunga pete, akapaka vernisi. Isidore, jirani yake, mvuvi mwenzake, aliiona na kupiga kelele kwa desturi: "Imeoa!" Twaibu hakumweleza. Aliitundika fimbo kwenye dari, juu ya kitanda, pamoja na kopo lake mpaka likaliwa na kutu, na hakuna mtu aliyewahi kuvua nayo.

Baadaye akaoa. Mkewe, Arielle, alivumilia miaka michache, kisha akarudi kwao Pangi. "Sina kosa nawe," alisema akifunga mizigo. "Lakini nimechoka kulala chini ya ile fimbo."

Mwaka 2023, sokoni, Twaibu alikuwa akinunua gundi aliposikia sauti ya mwanamke ikibishana juu ya bei ya maharage. Akageuka. Mwili ulikuwa umejaa, nywele zilikuwa na mvi pembeni, lakini herini za shaba zilikuwa zilezile.

"Wewe ulikufa," akasema.

Naomie akaweka maharage chini polepole. "Nani alikuambia?"

Siku zilizofuata simu haikunyamaza. Naomie alilala kwa rafiki mtaa wa Kasuku, akitafuta nyumba ya kufungulia depo ya maharage, au ndivyo alivyowaambia watu. Alikuwa ameolewa Butembo, baba yake akafia huko, mume akauawa njiani, hawakupata mtoto. Alimweleza Twaibu yote hayo kwa simu, kama mtu anayetua mzigo kidogo kidogo.

"Allo, fimbo bila muline."

"Allo, mama wa chumvi. Umekula?"

"Nimekula. Sikia, sheri. Sikukuja kwa maharage tu. Muline iko ndani ya sakoshi yangu."

Twaibu alikaa chini. "Ile?"

"Ile ya papa. Fimbo bado iko?"

"Iko."

"Kesho nakuja. Usifunge pete mpaka nifike, eh?" Akacheka.

Hapo ndipo Twaibu alipokosea. Angesema: ilishafungwa, na ilifungwa hivi. Lakini alimwogopa mwanamke aliye hai kuliko alivyokuwa amemlilia aliyekufa. Akasema tu, "Kesho, basi."

Na Naomie, akija kwa pikipiki, alisimama kumwuliza Isidore nyumba iko wapi. Isidore, kwa wema wake wote, akamwambia: "Yule mwenye fimbo ndefu? Ile ilioa zamani, mama!"

Ndiyo maana sasa alisimama ukingoni na mikono kifuani.

"Ya nani?" akauliza. "Niambie jina lake tu. Sina wivu, niko mutu muzima."

"Hakuna jina. Niliambiwa umekufa. Nilifunga kwa kopo ya nyanya."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa kopo. Upana ulikuwa sawa na bobini yako."

"Twaibu! Mimi mutoto? Unanichezea na kopo?"

"Tazama mushiko. Kutu iko, duara nzima."

"Kindu nzima iko na kutu. Kama ulipima kwa muline yangu, mbona uzi unagonga?"

Swali hilo lilimtisha. Alikuwa na hakika ya upana ule zaidi ya sura ya mama yake, na uzi ulikuwa unamwita mwongo mbele ya wanawake wenye nguo za sabuni. Naomie akafungua sakoshi, mkoba wake, akanyoosha mkono.

"Nipe muline yangu. Nina mizigo ya kufunga."

Twaibu akaanza kuifungua. Alifungua taratibu, kama mtu anayefungua jeneza. Ndipo akaona. Mwili wa muline ulikuwa umechubuka mpaka chuma kikaonekana. Bobini ilikuwa inang'aa.

"Naomie. Nani alibadilisha bobini?"

"Hakuna. Ni ya papa vilevile."

"Muline ilikaa kwa nani?"

"Kwa Aimé, mudogo wangu. Nilipoolewa nilimuachia."

"Mupigie."

"Twaibu, niache."

"Mupigie, nakuomba. Mimi sitafungua kinywa."

Naomie alipiga, akaweka sauti juu. Simu ililia kwa muda mrefu. Twaibu alitazama maji.

"Yaya Naomie! Dada, uko muzima?"

"Aimé, muline ya papa. Bobini njo ile ya zamani?"

"Aah. Hapana, yaya. Ile ilipasuka, mutoto aliangusha. Nikatafuta ingine kwa wavuvi wa ziwa, Goma. Sikukuambia juu wakati ule ulikuwa unalilia kila kitu."

"Ya zamani ilikuwa namna gani?"

"Ndogo kuliko hii. Ngoja nikumbuke... kama kopo ya nyanya. Ile ndogo, ya kupikia sombe. Kwa nini?"

Naomie aliiweka simu mchangani. Alikaa kwenye mchanga na kitenge chake kizuri, akashika mshiko wa fimbo, akapitisha kidole juu ya duara la kutu. Alilizungusha mpaka mwisho, akaanza tena.

"Ulinifungia mimi," akasema. "Nikiwa maiti."

"Njo hivyo."

Twaibu akatoa kisu, akakata nyuzi za zamani. Pete ya kwanza ikadondoka. Bobini hii kubwa ilitaka pete kubwa na mbali zaidi, na waya ya baiskeli hakuwa nayo. Alipekua mifuko yote miwili. Naomie alimtazama akihangaika, kisha akainua mkono sikioni, akatoa herini moja.

"Hii inatosha?"

"Ni ya mama yako."

"Nimeuliza kama inatosha."

"Inatosha. Lakini ni shaba. Nailoni itaikata, mwaka mumoja tu."

"Nina ya pili."

Walirusha pamoja, mkono wa Naomie juu ya mkono wa Twaibu. Walisogeza herini mbele, wakairudisha, uzi ukakatika mara mbili na chubwi zikazama. Mara ya mwisho uzi ulipita kimya, ukaenda, ukaenda, mpaka chubwi ikaanguka kule ambako zamani mtu alipigwa risasi kwa kuonekana. Twaibu akafunga.

"Vernisi inakauka siku mbili," akasema, bila kumtazama. "Ndege ni kesho."

"Najua ndege ni lini."

"Nilikuwa nije kwa papa yako. Sasa nitamuomba nani?"

"Muombe Aimé. Hatujakata simu."

"Niko hapa," sauti ikasema mchangani. "Nasikia yote. Shemeji, vocha inaisha, omba mbio!"

Isidore, aliyekuwa akija na ndoo yake, aliiona pete mpya na kupiga kelele kwa desturi. Naomie akamgeukia, herini moja sikioni.

"Nani ameoa, Papa Isidore? Fimbo ao huyu?"

"Mimi nimeona fimbo," Isidore akasema.

"Andika wote wawili," Naomie akasema.

Kuoana kuliwagharimu herini moja ya shaba. Kiti kimoja cha ndege kilichoondoka kitupu. Chubwi mbili. Baba mmoja aliyezikwa Butembo bila kuombwa binti yake. Arielle, ambaye hakuwa na kosa. Miaka ishirini na mmoja. Na watoto, kwa sababu Naomie alikuwa na arobaini na tano, na umri wa kuzaa ulikuwa umepita.