Jina la Nyumbani

Kila asubuhi Bibi Melitta alimsuka Jolanda nywele jikoni, akimwita Bluma. Hilo lilikuwa jina lake la nyumbani. Kila mtoto wa jamii yao ya Kisinti aliyemjua alikuwa na lake, na halikutamkwa mbele ya wageni. Mtaani alikuwa Jolanda. Shuleni aliwaambia wenzake kwamba nywele zake nyeusi alizirithi kwa baba yake Mwitaliano.

Jumatano moja Mwalimu Brandis alipeleka darasa katikati ya Berlin, kwenye kumbukumbu ya Wasinti na ndugu zao Waroma, waliouawa kwa sababu ya kabila lao wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ni bwawa la duara lenye maji meusi. Katikati yake pana jiwe la pembetatu, na juu ya jiwe ua moja.

"Wafungwa wa kambini walishonewa pembetatu kwenye nguo," alisema mwalimu.

Jolanda hakumsikia. Ng'ambo ya maji alisimama Bibi, mfuko wa mkate mkononi. Bibi alipomwona, alishindwa kuizuia furaha.

"Bluma! Bluma wangu!"

"Anamwita nani huyo?" aliuliza mwenzake Henning. "Jolanda, shika mkoba! Hao Wasinti wana vidole vyepesi."

Wengine wakacheka.

"Unamjua?" mwalimu alimuuliza Jolanda.

"Simjui."

Bibi alimtazama kidogo tu. "Samahani, binti," alisema kwa adabu. "Nimekufananisha." Akaenda kuketi kwenye benchi, akawapa mgongo.

Jolanda aliinamia maji. Akaona uso wake na misuko ya asubuhi ile. Akaomba kimoyomoyo, "Mungu, nipe ulimi." Kisha akaenda kwenye benchi.

"Bibi, nisamehe."

Bibi hakugeuka. "Wakati wa vita nilikuwa na miaka mitano. Mwenye shamba alinificha, akanionya kwamba nikiulizwa kuhusu mama, niseme simjui. Askari wakamleta mama mbele yangu. Nikasema, simjui. Naye akaniangalia kama mtoto asiye wake. Wakamchukua. Hakurudi. Mimi nilielekezewa bunduki, Bluma. Wewe ulielekezewa nini?"

"Kicheko tu, Bibi," Jolanda alijibu, machozi yakimtoka.

Akamshika mkono, akamleta mbele ya darasa. "Niliwadanganya. Baba yangu si Mwitaliano. Sisi ni Wasinti, na huyu ni bibi yangu. Mama yake ni mmoja wa hawa waliouawa."

Hakuna aliyecheka.

"Henning," mwalimu aliita.

"Nisamehe, Bibi," Henning alisema, akitazama viatu vyake. "Sikujua."

"Nimekusikia," Bibi alijibu. Hakutabasamu. Aliwatazama wote, mmoja mmoja.

"Wanangu, mtoto aliyetishwa akisema simjui, Mungu humsamehe, ingawa mimi neno lile nalibeba hadi leo. Lakini ninyi hakuna aliyewatisha. Semeni kweli. Ukimkana mtu wako kwa kuogopa kicheko, unawamalizia kazi wale waliomchukua mama yangu."