Mvua ya Ndizi Mbivu

Mashine ilifungua mzinga jua likiwaka, bila moshi wala kofia ya wavu. Nyuki mlinzi aliuchoma mkono wa chuma, na palepale ikapanda harufu kama ya ndizi mbivu. Ndiyo lugha ya nyuki: jamani, tumevamiwa! Kabla wenzake hawajaisikia, bomba likaifyonza, na mzinga wote ukaendelea na kazi.

Kinyonyaharufu hicho alikibuni mhandisi Kalunde, mzaliwa wa msitu wa Igombelo, ili mrina asali asife tena kwa kuumwa.

"Na harufu mnayoifyonza inakwenda wapi?" mjomba wake, Mihambo, alimuuliza.

"Inajaa matangini, kisha inamwagwa, mjomba."

"Imwagwe! Na hawa mabwana zako waliotukataza hata kubandua magome ya kutengenezea mizinga?" Mihambo alicheka. "Umesoma, mama, lakini hujawajua."

Shirika lililomwajiri Kalunde liliutaka msitu. Liliwafukuza babu za warina mwaka wa reli, likawafukuza baba zao mwaka wa bwawa. Safari hii watu waligoma.

"Twende wapi, mwezini?" Mihambo aliwaambia maofisa. "Huko nako mmeshapima viwanja."

Jumatatu asubuhi, ndegebubu, vyombo vidogo visivyo na rubani, viliruka juu ya Igombelo vikinyunyiza. Kalunde aliviona kwenye kioo cha kompyuta ofisini. Aliyatambua matangi: ni yale ya kinyonyaharufu chake.

Watoto wa warina hufundishwa jambo moja: ukisikia ndizi, simama, maana nyuki humfuata anayekimbia. Basi watu wa Igombelo walisimama, nao wamelowa harufu hiyo mwili mzima. Mihambo aliinua mkono: "Tulieni! Asikimbie mtu!"

"Kimbieni!" Kalunde alikipigia kelele kioo. "Mjomba, kimbieni!"

Wachuuzi wawili wa vitenge, wageni wasiojua lolote, ndio waliotimua mbio nyuki waliposhuka. Ndio waliopona.

Tume ya uchunguzi ilipokaa, Kalunde alieleza yote.

"Harufu hiyo hukaa hewani kwa muda gani, mhandisi?"

"Dakika chache."

"Kwa hiyo hakuna cha kupima." Mwenyekiti alifunga jalada. Watu arobaini na mmoja waliokufa wakaandikwa: ajali ya nyuki.

Nje Kalunde alimkuta Nyamizi, mjane wa Mihambo, aliyekuwa zahanati siku ile na wajukuu wawili. Hakumlaani. Aliuliza tu:

"Wewe uijuaye harufu ile kuliko mtu yeyote nchini, hawa waliobaki niwafundisheje, mwanangu? Wasimame, au wakimbie?"