Mvumo wa Saa Kumi na Moja

Kila siku ya shule ilipofika saa kumi na moja jioni, Kathini aliacha alichokuwa akifanya na kutega sikio. Ikiwa alikuwa akiosha vyombo, mikono ilibaki ndani ya karai. Ikiwa alikuwa akifanya hesabu, kalamu ilisimama katikati ya tarakimu, na ukweli usemwe, hesabu hazikumsikitisha sana zikimsubiri. Mtaa wa Mbotela haukosi kelele saa hizo: redio za majirani, watoto wakigombania mpira, muuza mboga akinadi sukuma wiki. Lakini Kathini alisubiri sauti moja tu.

Ilianza kwa mbali, upande wa barabara ya Jogoo. Vuuuu. Ulikuwa mvumo mzito wa chini, kama wa mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo. Ulikaribia, ukapinda kona ya duka, ukapungua, kisha ukanyamaza mlangoni.

"Baba amekuja," Kiilu, mdogo wake wa miaka sita, alinong'ona.

"Shhh! Mama asisikie," Kathini alimjibu.

Aliyeingia, bila shaka, alikuwa mama yao, Kanyiva, kofia ngumu mkononi na sufuria tupu kwapani. Baba yao, Mwanzia, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia baada ya kuugua figo kwa muda mrefu, wakamzika kwao Makueni. Pikipiki yake ya bodaboda ilikaa miezi mitatu nyuma ya nyumba, ikinyeshewa na mvua za masika chini ya gunia lililotoboka. Kisha mama alijikaza, akajifunza kuiendesha, akapata leseni, akaanza kwenda Pumwani kuwapikia wachonga vinyago muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Hao walikuwa Wakamba wenzake, na muthokoi wangeula asubuhi, mchana na jioni bila kunung'unika.

Siku ya kwanza mama aliporudi na pikipiki ile, ilivuma. Kathini alisimama mlangoni nywele zikimsimama. Baba alikuwa na mazoea ya kuvumisha nyimbo za kanisa puani kila Jumapili alipokuwa akiiosha. Sauti ilikuwa ile ile! Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alimwambia Kiilu peke yake kwamba ni baba anayerudi, na ikawa siri yao. Mama mwenyewe alipoulizwa na jirani kuhusu ule mvumo, alicheka tu. "Chombo kikizeeka hulalamika," alisema. "Hata magoti yangu yanalalamika."

Alhamisi moja jioni, mama aliiacha pikipiki kwa fundi Mulama ijazwe upepo, naye akaenda dukani kununua mahindi ya kukoboa. Kathini alibaki kuisubiri. Mulama alikuwa na maneno mengi na mikono myepesi.

"Sasa, Kathini? Mbona umekonda hivi? Muthokoi wote unaishia Pumwani?"

"Poa, fundi," Kathini alijibu akitabasamu.

Mulama alipomaliza kujaza upepo, aliisimamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, akashika gurudumu la mbele na kulitikisa huku na huku. Liligonga: kwa, kwa. Akalizungusha hewani. Vuuuu. Mzaha ukamtoka usoni.

"Beringi zimekwisha," alisema. "Hizi ni vyuma vya duara ndani ya gurudumu, vyenye golori zinazolifanya lizunguke vizuri. Maji yaliingia, golori zikashika kutu, sasa zinasagana. Siku moja gurudumu litakwama ghafla mama akiwa barabarani."

Hapo simu yake ililia. Kulikuwa na mwendeshaji aliyekwama mtaa wa Tena, akiwa na abiria mgonjwa. Mulama alianza kutupa vifaa vyake mkobani. "Mwambie mama asiipande kesho. Ailete hapa asubuhi, nitabadilisha hizo beringi kabla chai yake haijapoa. Usisahau!"

"Fundi," Kathini aliuliza, "ukizibadilisha, huo mvumo utaisha?"

"Kabisa! Hamtausikia tena!" Mulama alijibu kwa furaha, akidhani amempa mtoto habari njema, akaondoka mbio.

Huko Mbotela wakubwa hutuma maneno kupitia watoto, na maneno hufika. Ndivyo watu wanavyoishi. Basi mama aliporudi na mahindi yake, aliuliza bila wasiwasi, "Fundi amesemaje?"

Kathini alilitazama gurudumu la mbele. "Amesema upepo uko sawa."

Na upepo ulikuwa sawa kweli. Ndiyo maana uongo ule ulimtoka kwa urahisi.

Asubuhi ya Ijumaa, mama alipoiwasha pikipiki na kuondoka, mvumo ulikuwa umebadilika. Ndani yake mlikuwa na kitu kinachosaga, kama mchanga kwenye meno. Kathini alitoka mbio hadi njiani.

"Mama!"

Mama alisimama, akageuka. "Nini tena?"

Kathini aliinua mkono kumpungia. "Safari njema," alisema.

Siku hiyo darasani hakusikia kitu ila pikipiki. Kila iliyopita nje ya ua wa shule ilikuwa ya mama. Breki zilipolia mahali, moyo wake ulilia pia. Mwalimu Nangila alichora mfumo wa usagaji wa chakula ubaoni, lakini Kathini aliona gurudumu limesimama na mtu amelala kando yake. Alifumba macho, akaliona vizuri zaidi. Alijaribu kumfikiria baba akivumisha nyimbo zake, na kwa mara ya kwanza sauti ile ilimtisha.

Kengele ya mapumziko ilipolia, alimfuata mwalimu nje.

"Mwalimu, nimemficha mama jambo, na linaweza kumuua."

Alieleza yote huku akilia. Mwalimu Nangila hakumkemea. Alitoa simu yake, akapiga. Haikushikwa. Akapiga tena. Mama alipokuwa akipika, simu ilikaa ndani ya mkoba, na mkoba ulining'inia mbali na moto.

"Nimemwandikia ujumbe," mwalimu alisema. "Akiusoma ataelewa."

"Asipousoma?"

Mwalimu Nangila alimshika bega tu. Alipiga tena saa ya chakula cha mchana, na tena baada ya masomo. Kimya.

Jioni ilifika. Kathini hakuosha vyombo, wala hakufungua daftari. Alikaa mlangoni na Kiilu, wote wawili wakitazama kona ya duka. Saa kumi na moja ilifika, ikapita. Redio zilipiga kelele, mpira uligonga ukuta, muuza mboga alipita. Mvumo haukuja. Saa kumi na moja na nusu, bado.

"Leo baba haji?" Kiilu aliuliza.

Kathini alimkumbatia. "Si baba, Kiilu. Ni mama. Siku zote alikuwa mama. Nilikudanganya."

Mtoto alilia kwa uchungu, na Kathini akalia naye. Kwa miezi mingi alikuwa amekiogopa kimya hiki kwa sababu ya baba. Sasa kilipokuja, hakumfikiria baba hata kidogo. Alimtaka mama yake, akiwa hai, hata akija na kiboko mkononi.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama waliposikia magurudumu ya mkokoteni. Kijana aliyeuvuta alipinda kona akitokwa na jasho, na juu ya mkokoteni ililala pikipiki. Fundi Mulama, aliyekuwa ameitwa na mama kwa simu, alisukuma kwa nyuma. Kando yake alitembea mama, vumbi hadi magotini, kiganja kimoja kimefungwa leso.

Kathini alikimbia akamkumbatia kiunoni karibu amwangushe.

"Nilikuwa nimeshavaa kofia na kuwasha injini," mama alisema polepole walipofika mlangoni. "Ndipo nikaangalia simu, nikakuta onyo la gurudumu. Nikajiambia, si mbali, nitaenda taratibu. Kisha nikausoma tena ujumbe wa mwalimu: mtoto wako analia. Nikazima. Nikaamua kuisukuma kwa miguu. Sijafika hata barabara kubwa, gurudumu likakwama paa! Pikipiki ikaanguka na mimi. Nikitembea, Kathini. Kama ningekuwa nimeipanda, kwenye barabara ya Jogoo, na malori nyuma yangu..."

Kathini alipiga magoti.

"Nisamehe, mama. Fundi aliniambia. Lakini alisema sauti itaisha, na mimi nilidhani ni baba. Nilidhani anatujia kila jioni."

Mama aliketi kizingitini. Tangu mazishi ya Makueni hakuwahi kulia mbele ya watoto wake. Siku hiyo alilia, akawavuta wote wawili mapajani kama walipokuwa wachanga. Yule kijana wa mkokoteni aligeuka akatazama kwingine.

Mulama alichutama mbele ya Kathini.

"Hebu nikuulize. Baba yako alipokuwa akirudi, ulikuwa ukijuaje amefika?"

Kathini alifikiri. Pikipiki ya baba ilisikika kama nyingine zote za mtaa, na hakuna aliyeinua kichwa ilipopita. Alichokumbuka ni viganja viwili vyenye harufu ya petroli vikimfumba macho kutoka nyuma, na yeye akipiga yowe kwa kushtuka na kucheka.

"Sikuwa nikijua," alisema taratibu. "Alikuwa akinishtukiza."

"Ndiyo! Kwa sababu kila asubuhi kabla ya kuipanda aliikagua yote: upepo, breki, mnyororo, oili, taa. Sisi tulimcheka, tukamwuliza kama anaoa pikipiki. Akiwa hai, mashine hii haikuvuma hata siku moja. Huo mvumo ulianza baada yake, ilipokaa mvuani bila mwenyewe. Ulipousikia, mwanangu, ulikuwa ukisikia kwamba baba hayupo."

Kathini aliinamisha kichwa. Iliuma, lakini aliona ni kweli.

"Mimi pia nina kosa," Mulama aliendelea. "Neno zito vile ningempigia mama mwenyewe."

"Na mimi nilisikia chombo kinalia nikakiita kizee," mama alisema akijifuta machozi. Kisha alimwinua Kathini uso. "Wahenga walisema mjumbe hauawi. Kwa hivyo usiogope kuleta habari mbaya kwangu, hata ile inayokuumiza wewe. Lakini mjumbe akinyamaza, anaweza kuua. Leo ulisema, ukiwa umechelewa, na ndiyo sababu niko hapa. Kesho usichelewe."

Jumamosi Mulama alibadilisha beringi, akamfundisha Kathini namna ya kukagua kila kitu, kimoja baada ya kingine. Jumatatu asubuhi mama alikuwa amekwisha kuwasha injini, na wachonga vinyago wamepiga simu mara mbili wakiuliza chakula. Kathini alikuwa bado amechutama kando ya gurudumu la nyuma.

"Mama, zima."

"Kathini, nimechelewa!"

"Mnyororo umelegea. Zima, mama."

Mama alimtazama kidogo. Kisha akazima injini, akavua kofia, akashuka.