Mguu wa Wifi Yangu

Majirani zangu wa Kibokoni, mwanijua kwa mdomo. Leo nautumia kusema kosa langu mwenyewe.

Asubuhi ile tulikuwa ukumbini tukitunga asmini, mimi na Mwanakuu, mke wa kaka yangu. Kesho yake alikuwa apasuliwe uvimbe wa kizazi, apate nguvu kabla ya harusi ya bintiye, Yumna. Alipoinuka, kiatu kilikataa kuingia. Mguu wa kushoto ulikuwa umefura hadi gotini.

"Wauma tangu juzi, wifi. Ntamwambia daktari."

"Umwambie akurudishe nyumbani? Arusi ikukute kitandani? Ndoo hapa nikukande."

Nikaukanda kwa mafuta ya simsim mpaka jasho likanitoka. Ukanywea kidogo, nami nikajiona mganga!

Hospitalini, daktari wa dawa ya usingizi, Nicodemus, alimwuliza habari za moyo, pumzi na dawa anazokula. Kisha akasema, "Mama, miguu haijavimba? Naomba niitazame."

Mwanakuu akanitazama. Nikadakia, "Daktari, huyu ni mtu wa stara. Miguu yake mizima."

"Basi nimwite Sista Janet, amtazame faraghani."

"Hapana haja."

Mwanakuu aliona haya kunikanusha mbele ya mgeni. "Sina neno, daktari," akasema.

Hakuamka tena.

Daktari alitoka kofia ikiwa mkononi. "Damu iliganda mguuni, kipande kikaenda mapafuni. Tungejua, tungeupima mguu, tukampa dawa, upasuaji ukangoja." Hakunilaumu. Natamani angenilaumu.

Yumna aliolewa bila ngoma. Kabla ya siku hiyo aliniuliza, "Shangazi, mama hakusema kuwa mguu wamuuma?" Nikamwambia kweli yote. Tangu hapo hajanipa mkono, wala simlaumu.

Mafunzo

Mguu ukivimba, hasa mmoja, usiukande. Mwonyeshe daktari kabla hujalazwa kwa dawa ya usingizi. Ukiona haya, omba muuguzi wa kike, wapo. Upasuaji ukiahirishwa, si hasara. Nawe uliyemsindikiza mgonjwa, mwache ajisemee. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha ya mwenzangu, na aliyekufa ni yeye.