Wanawake Arobaini wa Mtongwe

Jamani, mmewahi kusalitiwa mchana kweupe, kipaza sauti mkononi, watu wote wakitazama?

Mimi ni Kadzo, wa Mtongwe, Likoni. Jumamosi ile nilisimama kumkaribisha Kenga, mgombea wetu wa wadi. Nikageuka kuwaita wanawake wangu arobaini waimbe...

Wote wamejifunga leso za Randu. Mpinzani wetu!

Mbele yao yuko Mapenzi, msaidizi wangu niliyemwamini kuliko wote.

Miezi minane niliwatafuta kina mama wale nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyelipwa. Kenga aliniahidi nikiwafikisha siku ya kura, kazi ya ofisi ya wadi ni yangu. Nina watoto watatu na mume sina, kwa hivyo mnaelewa.

Nikamvuta Mapenzi kando.

"Randu amekupa nini?"

"Hajanipa kitu, dada Kadzo."

"Mimi nimekukosea nini?"

"Siku tunamzika mama yangu, ulisema tusimteremshe kaburini mpaka mheshimiwa Kenga afike."

"Alichelewa..."

"Tulingoja tangu saa sita mpaka saa kumi na moja. Jua lile. Hata mchungaji akaenda zake."

"Siasa ndivyo zilivyo, mwanangu."

"Ulinipa simu yako nikupige picha. Ujumbe wake nikauona. Ujumbe wenyewe uliingia saa nne asubuhi. Eti yuko Kisauni, haji."



Ni kweli, nilijua. Niliogopa nikisema haji, kina mama watavunjika moyo wanikimbie. Nikamweka marehemu juani ili nisipoteze watu. Naandika haya na najichukia.

"Sasa mbona ulibaki wiki sita zote hizi?"

"Nilikuwa nikipita zile nyumba ulizonituma. Nikiwaeleza kina mama habari ya ule ujumbe."

Akaondoka, wote arobaini nyuma yake.

Jioni Kenga akapiga. Nikadhani ananipa pole.

"Aliyewahamisha watu wako anaitwa nani?"

"Mapenzi."

"Huyo ndiye anayeijua kazi. Nitumie namba yake. Ile nafasi ya ofisini nitampa yeye."

Nikaituma... ningefanya nini?

Nyinyi mnaotafuta watu wa kujitolea, fulana na chai hazimshiki mtu. Anabaki kwa sababu anakuamini. Mwambie ukweli hata kama ataondoka.

Mapenzi alimkatalia Kenga. Simu zangu pia hapokei. Nami sitaki kura yake, nataka kumwomba radhi kwa ajili ya mamake.