Kisima cha Kopo la Samli

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mzee Menza alikwenda uani kuugombeza mfereji wa bomba.

Aliufungua. Mfereji ukakohoa, ukatema hewa, ukanyamaza.

"Tizama!" alisema. "Wakubwa huko kwao maji waoshea magari. Sisi huku mfereji wetu una pumu!"

"Baba, njoo unywe chai," Dama aliita kutoka jikoni. "Mfereji haukusikii. Na hao wakubwa hawakusikii pia."

Mzee Menza alikuwa kuli bandarini Kilindini tangu ujana, mpaka mgongo ulipokataa. Shule aliijua kwa kupita mlangoni. Sasa alikaa Kuze, katika Mji wa Kale, na binti yake Dama; mwanawe Katana alilima huko Kaloleni. Mkewe Mbodze alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tangu hapo, mzee hakukosa wa kumlaumu. Bei ya unga ikipanda, ni wakubwa. Paka akiiba samaki, alimtazama kama diwani.

Lakini nyumba ile ilikuwa na bahati. Uani kulikuwa na kisima, na kando yake matuta ya mchicha na mnavu. Asubuhi Dama aliuza mahamri na mbaazi za nazi barazani. Jioni aliuza mafungu ya mboga. Riziki yote ya nyumba ilitoka katika shimo lile.

Marehemu Mbodze alikuwa na namna yake ya kuteka. Alitumia kopo dogo la samli lililofungwa kamba. Aliteka kidogo asubuhi, kidogo jioni. Mchana alikifunika kisima kwa bati.

"Kiache kipumue," alisema.

"Kwani kisima kina mapafu?" Mzee Menza alimcheka. Mbodze aliliweka bati mahali pake. Yeye naye aliambiwa hivyo na mamake, bila kuelezwa zaidi.

Mwaka ule kaskazi ilivuma, na jua likawa kali. Mifereji ya mtaa mzima ilikauka. Majirani wakaanza kubisha hodi na ndoo zao. Mzee Menza hakuwa mchoyo.

"Tekeni!" aliwaambia. "Wakubwa wametunyima, mimi siwanyimi."

Aliona kopo la samli linachelewesha watu. Akalitundika msumarini. Akafunga roda ya kuvutia kamba juu ya kisima, akaleta ndoo kubwa ya chuma, ile ya kubebea zege.

"Mimi nimepakua meli," alijisifu. "Nitashindwa na kisima?"

Roda ililia kutwa. Haukupita muda, ndoo ikaanza kugonga mawe. Maji yalikuwa yamepungua. Basi mzee akavua shati, akashuka na sururu, akachimba. Jirani yake Mwanaesha, mama mtu mzima mwenye ulimi mkali, alichungulia juu ya ukuta.

"Baba Katana! Wachimba kisima au wenda Bara Hindi?"

"Nikifika nitakuletea kanga!" sauti ilijibu kutoka chini.

Mzee alichimba mpaka maji yakambubujikia magotini. Alipanda juu kifua mbele. Majirani wakapiga makofi.

Haukupita muda, alipiga funda la chai akalitema.

"Dama! Chai umeitia chumvi?"

"Imejitia yenyewe, baba. Ni maji."

Basi mambo yakaharibika. Mbaazi zilichemka tangu alfajiri zisiive. Mchicha uliungua ncha, majani yakajikunja. Mteja mmoja alionja mbaazi, akauliza, "Dada, hizi zimepikwa baharini Liwatoni?" Watu wakacheka. Siku hiyo sufuria lilirudi ndani limejaa.

Dama hakucheka. Alikaa kizingitini akamwambia babake polepole:

"Baba, sina mboga wala mbaazi za kuuza. Tutakula nini? Kaka Katana ameniita Kaloleni nikalime naye. Masika ikija na maji bado ni ya chumvi, nitakwenda."

"Na mimi?"

"Twende sote."

"Nimwache mamako makaburini hapa? Siendi."

"Basi utabaki na mfereji wako, mgombane."

 Mzee Menza aliujua usiku wa nyumba isiyo na Mbodze. Nyumba isiyo na Mbodze wala Dama hakutaka kuijua.

Kwa Mwanaesha palikuwa na mpangaji, msichana wa bara aitwaye Nasipwondi. Alikuwa bibi shamba wa serikali, mshauri wa wakulima. Dama akamwita.

"Hodi! Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiwe bibi shamba? Mombasa mjini! Shamba lenyewe liko wapi, juu ya paa?"

"Mbona naona mchicha hapo, mzee? Ama hayo ni maua ya harusi?"

Mwanaesha aliangua kicheko huko ng'ambo ya ukuta. Mzee akajikaza.

"Wewe ni wa serikali. Umekuja kunipa mfereji?"

"Mfereji siwezi. Hata mimi nimeoga nusu ndoo. Nimekuja kwa hiki kisima."

Alichungulia ndani. Akaonja maji, akakunja uso. Akauliza nani alikuwa akiteka, na kwa chombo gani. Mzee alimweleza yote, hata la sururu, kwa fahari kidogo.

"Dada Dama," alisema Nasipwondi, "una tui?"

"Lipo. Nimelikamua asubuhi, liko kwenye bilauri."

Bilauri ililetwa. Lile tui lilikuwa limetulia. Zito lilielea juu, jeupe pepe. Chini palikuwa na majimaji.

"Mzee, teka lile zito kwa kijiko. Polepole."

Mzee aliteka, akaonja. "Tui hasa."

"Sasa chukua hicho kijiko, kizamishe mpaka chini, uteke kwa nguvu. Kama unavyopakua meli."

Mzee alizamisha, akavuruga, akaonja tena. "Aa! Maji matupu."

"Ndicho kisima chako," alisema Nasipwondi. "Hapa ni kisiwani. Bahari imetuzunguka, na hata chini ya mawe inapenya. Mvua ikinyesha, maji matamu huzama ardhini. Ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo huelea juu yake, kama tui hili. Ukiteka kidogo kidogo, unapata matamu. Ukiteka kwa pupa, chumvi inapanda. Na ukichimba zaidi..."

"Nimezamisha kijiko," alisema mzee. Sauti ilikuwa ndogo.

Aliinua macho akalitazama kopo la samli msumarini. 

"Mamako, Dama, alijua," alisema.

"Alijua la kufanya," alisema Nasipwondi. "Mimi nimeongeza sababu tu. Usihuzunike, mzee. Kisima hakijafa. Tukipumzishe."

Kazi ikaanza. Mzee alijaza mchanga safi na vijiwe vya matumbawe katika shimo alilochimba, mpaka kisima kikarudi kimo chake cha zamani. Roda aliishusha. Kwa muda hakuna aliyeteka. Yeye mwenyewe aliazima mkokoteni, akawa anasukuma mitungi ya maji kutoka mbali, huku akiwataja wakubwa kila gurudumu lilipozama shimoni.

"Barabara nayo ni ya nani?" alifoka. "Ni yao!"

"Sukuma, Baba Katana," alisema Mwanaesha. "Ukiwalaumu, waupunguza mzigo?"

"Haupungui. Lakini hunipa nguvu!"

Nasipwondi aliwaonyesha namna ya kuikinga mvua. Walifunga mlizamu wa bati wa kupokea maji chini ya paa. Mvua ya kwanza waiache ioshe paa na kumwagika. Inayofuata iingie katika pipa lenye kifuniko. Pipa likijaa, maji yaende katika shimo la kokoto na mchanga, mbali na choo, yazame ardhini yakalishe kisima. Dama naye alitandaza makumbi ya nazi juu ya matuta, udongo usikauke upesi. Maji aliyooshea mboga hakuyamwaga tena njiani. Aliyamwagia mchicha.

Masika ikashuka. Mlizamu uliimba, pipa likafurika, shimo la kokoto likanywa na kunywa. Mvua iliosha chumvi katika matuta, machipukizi yakatokeza.

Siku moja jua lilipochomoza baada ya mvua, Dama alilishusha kopo msumarini. Akateka, akachemsha, akamimina chai. Babake alishika kikombe kwa mikono miwili. Akapiga funda. Akapiga la pili.

"Vipi, baba?"

"Sukari umepunja," alisema mzee, na tabasamu likamponyoka.

Dama alimpelekea kaka yake salamu kwamba haji.

Majirani walikutana uani wakakubaliana: kila nyumba ndoo moja asubuhi na moja jioni, kwa kopo, na mchana kisima kifunikwe. Mwanaesha na wengine wawili walifunga milizamu kwao pia. Barazani mbaazi ziliisha kabla jua halijapanda, na mafungu ya mchicha yaliagizwa tangu jana yake.

Adhuhuri moja alifika kijana mwenye kofia, jasho likimtiririka.

"Mzee, nimekuja kusoma mita ya maji."

"Isome," alisema Mzee Menza. "Ukimaliza unisomee na mimi, maana maji yake sijayaona."

Kijana alicheka kwa aibu. "Naomba basi maji ya kunywa."

Dama aliuma mdomo asicheke. Mzee alimmiminia yaliyochemshwa, kutoka mtungini. Kijana aliyamaliza bila kupumua.

"Matamu haya! Ya kisima kile? Ngoja nijitekee niende nayo." Akanyoosha mkono kwenye bati.

"La, mwanangu. Si saa hizi. Kiache kipumue."

"Kwani kisima kina mapafu?"

"Kinayo," alisema Mzee Menza, akimjazia bilauri ya pili. "Mfereji wenu ndio wenye pumu. Nenda ukawaambie wakubwa zako."