Kabureta Yenye Namba Mbili

Ndugu zangu, nyumba ninayowasimulia ilikuwa na amani ambayo wengi wetu tungeitamani. Ilikuwa Kilosa, karibu na stesheni, mwaka 1975. Kila jioni Marselina alisonga ugali huku daftari lake la kisomo cha watu wazima limefunguliwa kando ya jiko. Alisoma kwa sauti, na binti yake Ida akamsahihisha alipojikwaa. Mumewe Nikolaus alikaa kizingitini akijitoa grisi mikononi, akiwasikiliza na kutabasamu.

Amani ile iliharibiwa na kitu kinachoenea katika viganja viwili.

Nikolaus alikuwa fundi wa magari. Alijifunza kazi katika karakana ya shamba la mkonge, na mashamba yalipotaifishwa, meneja Mgiriki alimwachia Chevrolet yake, gari la Kimarekani refu kama behewa. Kilosa nzima ililifahamu. Lakini lilikuwa zito, na kabureta yake, yaani kile chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye injini, ilikuwa ya tundu moja tu. Kwenye vilima gari lilitweta. Abiria waliteremka wakasukuma, watoto wakalizomea. Nikolaus alicheka nao, lakini moyoni aliumia.

Mwaka huo Ida alichumbiwa na Beda, kijana wa Mikumi, na ikapangwa Jumamosi moja wazazi wampeleke kwa wakwe. Marselina alitaka waende kwa treni ya Kidatu, ambayo hupita Mikumi.

“Binti yangu ashuke kwenye behewa pamoja na matenga ya kuku, na baba yake ana gari?” Nikolaus aling'aka. “Haiwezekani. Natia kabureta ya matundu mawili. Vilima vya Mikumi tutavipanda kama tunateremka.”

Kabureta hiyo aliiona katika gari bovu uani kwa fundi mwenzake, Mathayo. Meneja alikuwa amemwachia karatasi yenye namba ya kabureta kubwa inayofaa injini ile. Nikolaus hakujua kusoma, lakini tarakimu zile saba alikuwa amezizoea kama nyuso za watu wa kwao. Akafuta vumbi kwenye kifuniko, akaziona zote, akaifungua.

Nyumbani, Marselina ndiye aliyepewa kuisugua kwa petroli na mswaki mkuukuu. Mathayo alikuja kutazama. Tope lilipotoka ubavuni, Marselina akaona tarakimu nyingine. Akazisoma mara mbili, midomo ikichezacheza.

“Baba Ida, kifuniko kina namba yake na bodi hii ya chini ina namba yake. Mwishoni hazifanani.”

“Hiyo ni kutu.”

“Si kutu. Juu ni tano na sita. Huku ni tisa na moja. Naona kifuniko kimetolewa kwenye kabureta nyingine. Na huu mkono unaovutwa na eksileta, hebu tazama, ni mrefu kuliko ule wa zamani. Utakwama hapa.”

Mathayo akajipiga paja. “Loo, fundi! Shemeji anataka cheti cha gereji! Kesho atakuonyesha boliti inakazwa upande gani!”

Huenda kama Mathayo asingecheka, Nikolaus angeinama akatazama. Lakini alichekwa mbele ya mwanamume mwenzake.

“Kisomo cha miezi minane,” alisema, “na tayari unajua kabureta? Nimefungua injini tangu hujavunja ungo. Lete hapa, nenda kaangalie chungu chako.”

Marselina akampa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nikolaus alipoifunga kabureta ile garini, mkono uligusa palepale mkewe alipoonyesha. Nikolaus aliona kwa macho yake. Alikuwa na muda wa kuifungua na kurudisha ya zamani. Badala yake alichukua tupa, akaukwangua ncha mpaka ukapita, akawasha. Injini ikanguruma, majirani wakatoka milangoni kushangilia, naye hakumwambia mtu.

Jumamosi asubuhi Marselina alimvuta Ida pembeni.

“Mwanangu, twende kwa treni, mimi na wewe.”

“Mama, baba ameliosha gari tangu alfajiri. Tukimwacha ataingia wapi kwa aibu?”

Ida akaketi mbele, kapu la zawadi mapajani. Mama yake akakaa nyuma.

Walipopita kijiji kinachoitwa Ulaya vilima vikaanza, na gari likavipanda bila kutweta. Nikolaus aliimba. “Mama Ida! Iko wapi tisa na moja yako?” Marselina naye akacheka, na kwa mara ya kwanza wiki ile alifurahi kudhani kwamba amekosea.

Juu ya kilima Nikolaus aliondoa mguu kwenye eksileta. Gari halikupunguza mwendo. Ncha iliyokwanguliwa ilikuwa imenasa, nao walikuwa wanateremkia daraja la mbao. Alikanyaga breki mpaka zikafuka moshi. Akaingiza kiatu chini ya pedali kuivuta juu.

“Zima ufunguo!” Marselina alipiga kelele. “Baba Ida, zima ufunguo!”

“Nyamaza!”

Hilo ndilo neno la mwisho Ida alilolisikia kwa baba yake. Gari liligonga ukingo wa daraja, likapinduka korongoni. Marselina alivunjika mkono, Nikolaus mguu. Ida hakutolewa akiwa hai.

Beda na wazee wake walikuja mazikoni wakiwa wamevaa nguo walizoshona kwa kumpokea.

Askari wa trafiki aliyekagua gari alimuuliza Nikolaus, “Kabureta hii si ya gari hili. Hukuona mkono haulingani?”

“Niliona.”

“Na hakuna aliyekuonya?”

Nikolaus alimtazama mkewe.

“Nilionywa,” alisema.

Alifungwa. Alipotoka alikuta Marselina amefunga mizigo yake kuhamia kwa dada yake, kijijini Kidete. Hakumtukana.

“Nikikaa humu,” alimwambia, “kila siku utangoja nikuambie kwamba hukukosa. Sitaweza kulisema hilo.”

Akapanda treni. Nikolaus yuko palepale mpaka leo, peke yake.

FUNZO

Wanaume wenzake Nikolaus, mmesikia. Hakuangamizwa na ujinga wa kutojua kusoma, maana nyumbani kwake alikuwapo aliyejua. Aliangamizwa na dharau. Aliambiwa kweli, akaiona kweli, akaikwangua kwa tupa kwa sababu ilitoka kinywani mwa mkewe. Nanyi akina Mathayo, mnaogeuza onyo la mwanamke kuwa kichekesho barazani, msijione wasafi: kicheko chenu kilikuwa ndani ya gari lile. Tumewapeleka wake zetu na mama zetu kisomoni. Wakirudi wametusomea jambo, tuache tunachofanya, tuiname, tutazame wanapotuonyesha.